Alama ya Mama Esther

Léocadie alitia alama mwanzo kabisa wa mstari, na kabla wino haujakauka alijua amedanganya.

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, milimita mia moja tu, umechorwa kwa rula kwenye karatasi ya hospitali ya Kasongo. Upande wa kushoto paliandikwa "niko muzuri kabisa", upande wa kulia "niko mubaya kabisa". Daktari Aristote alikuwa ameshamaliza sehemu yake. Alimbonyeza viungo ishirini na vinane, kimoja kimoja, kuanzia mabega hadi vifundo vya vidole, kisha magoti, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" Léocadie alijibu, "Hapana, dokta. Hapana," hata pale ambapo jibu lilikuwa ndiyo. Uvimbe haukuwapo, hilo lilikuwa kweli. Damu yake nayo, iliyosimamishwa saa nzima ndani ya kijibomba, ilitoa nambari ya mtu mwenye afya. Kilichobaki ni mstari tu.

"Ni juu ya juma hili lililopita," daktari alikuwa amemweleza. "Usinitazame mimi. Hii si mutihani. Hapa ni wewe unasema."

Kama angesema, angesema kwamba Jumatatu alikaa kitandani mpaka jua likafika mlangoni, ndipo vidole vikakubali kukunjika. Jumanne ilikuwa njema, akaenda shambani kuvuna karanga. Jumatano akailipia Jumanne, akalala mchana kutwa kama mtu aliyepigwa. Angesema maumivu si kama ya miaka miwili iliyopita, alipokuwa akilishwa kwa kijiko, la hasha, dawa zilimsaidia sana. Lakini kila asubuhi alilazimika kuuuliza mwili wake kwanza, leo unanipa nini, kabla ya kumwahidi mtu yeyote chochote. Alama yake ya haki ingeangukia kwenye thelathini.

Ila nyumbani, kule Wamaza, alikuwa na binti. Esther-Divine alikuwa ameacha masomo miaka miwili iliyopita, baada ya darasa la pili la sekondari, ili awe mikono ya mama yake. Kwa Pasaka, shemeji Déo, kaka mkubwa wa mume wake, mwenye kukalia kiti cha baba katika ukoo ule, alikata neno mbele ya watu wote: siku mama atapona, mtoto atarudi masomo. Shule za Kasongo zilikuwa zifunguliwe Septemba. Sasa ilikuwa Julai.

Daktari alipima kwa rula yake ndogo. "Milimita tatu," akasema, akatabasamu. "Chini ya kumi. Mama Esther, ugonjwa umelala."

Octave, mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Haukufa, musikie vizuri," daktari akaendelea. "Umelala. Basi tutapunguza dawa. Kila Alhamisi utameza vidonge vitatu, si sita. Dawa iko kidogo, na wagonjwa wengine wanangojea."

Hilo Léocadie hakulitarajia. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Octave akiikunja ile karatasi kwa uangalifu na kuitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Akaufunga.

*

Déo aliisoma karatasi kwa sauti uani, akisimama kwenye kila neno gumu la Kifaransa kana kwamba yeye ndiye aliyeliandika. Majirani walikuja kupongeza. Mama Marcelline, mamake Octave, hakupongeza wala hakukataa. Alisukuma kinu kwa mguu hadi mbele ya Léocadie.

"Kama ni hivyo, mutwango ni huu," akasema.

Léocadie akatwanga. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, siku hiyo, na siku ya pili, na wiki nzima, na watu walipopita njiani walisema, mumwone Mama Esther. Hakuna aliyemwona akiamka kabla ya kuku kushuka, akiwasha moto na kutumbukiza mikono ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu mpaka ikalegea. Hakuna aliyemwona akifungua mlango kwa kiwiko. Kikombe alikishika kwa viganja viwili kama padri, na mtu alipomtazama alisema chai iko moto. Alianza kuvaa shati la mikono mirefu, la Octave, ingawa kiangazi kilikuwa kikali.

Alihesabu majuma yaliyobaki kabla ya shule. Saba. Sita. Wiki ya tatu ya vidonge vitatu, kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuvimba. Ya nne, miguu. Alipokanyaga chini asubuhi ilikuwa kama kukanyaga changarawe zilizo ndani ya nyama yake.

Octave aliona kitu. Mtu hawezi kulala kando ya mke wake miaka kumi na minane asisikie anavyogeuka. Siku moja, akichonga mpini wa jembe, alimuuliza bila kuinua macho, "Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Basi ni vizuri," akasema haraka, akaendelea kuchonga. Léocadie akajua kwamba mume wake naye anautaka ule uongo, tena anautaka kuliko yeye.

Esther-Divine peke yake hakuwa na habari, kwa sababu alikuwa na furaha. Alikuwa amevitoa vitabu vyake kwenye gunia, panya wamekula pembe za viwili. Jioni alikaa chini ya upenu wa nyumba na kusoma kwa sauti masomo ya mwaka aliokuwa ameuacha, sheria za Kifaransa, mito ya nchi. Léocadie alimsikiliza na kujiona kwamba anafanya jambo zuri. Uongo wake ulikuwa na uso, na uso huo ulikuwa ukisoma.

*

Katikati ya Agosti, jirani yao alifiwa na baba. Wanawake wa mtaa walikusanyika kuwapikia watu wa kilio, na Léocadie, aliyepona, alipewa kazi kama wengine. Ile sufuria kubwa ya wali ilipoiva, alishika mpini mmoja kwa kitambaa, mwenzake akashika wa pili, wakainua.

Hatua tatu walienda. Kwenye ya nne vidole vya Léocadie viliachia. Havikumuuliza. Sufuria iliinama, wali ukamwagika wote chini, mweupe, ukitoa moshi, mbele ya wazee waliokaa kwenye mikeka wakingoja kula. Hakuna aliyeungua, isipokuwa yeye kidogo mguuni.  Kuku walikuja mbio.

"Mama Esther," mwanamke mmoja akasema, si kwa ubaya, "si walisema ulipona?"

Hakuna aliyemtukana. Walimpa kigoda akae, na hicho kigoda kilimuuma kuliko tusi. Walipika wali mwingine huku yeye akitazama, na mwenye kilio, mtu aliyefiwa na baba yake, alikuja kumpa pole yeye.

Esther-Divine alimfuata nyumbani.  Walipoingia ndani, alimshika mama yake mkono, akasukuma shati juu hadi kwenye kiwiko. Kifundo kilikuwa kimejaa, ngozi imevutwa, inang'aa.

"Toka lini?"

"Si muda mrefu."

"Mama. Toka lini?"

Léocadie akamwambia. Alimwambia habari ya mstari na alama na vidonge vitatu. Msichana alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani.

"Sitaenda," akasema.

"Utaenda."

"Nitaendaje? Nikae Kasongo ninasoma mito, na wewe huku huwezi kufunga hata kifungo? Watu watasema nini juu yangu?"

"Watasema unasoma."

"Ulijiharibu juu yangu. Sikukutuma."

Hapo Léocadie alikasirika, na hasira hiyo ilimshangaza mwenyewe, maana ilikuwa ya kweli na ilimpa nguvu. "Usinifanye sababu, Esther. Unasikia? Kesho ukikosa kusoma, utasema ni kwa sababu ya mama. Ukiolewa vibaya, utasema ni kwa sababu ya mama. Mimi nina ugonjwa. Mimi si ugonjwa. Nilikosa kwa kudanganya, na makosa hayo nitayatengeneza mimi. Wewe chukua vitabu vyako."

 Msichana hakuvirudisha vitabu kwenye gunia.

*

Siku ya tatu Déo aliita kikao. Walikaa uani kwa Octave: yeye kwenye kiti cha mgongo, Octave kwenye kigoda, Mama Marcelline juu ya mkeka akichambua mchele. Léocadie alipewa mkeka naye, lakini alisema magoti hayataki, akaenda kujiletea kiti ndani, akikikumbatia kwa mikono miwili. Déo alingoja mpaka akae. Haikumpendeza.

"Shemeji," Déo akaanza, "karatasi ilidanganya, ao wewe ulidanganya?"

"Mimi."

 "Ulidanganya munganga, ukadanganya bwana yako, ukatufanya sisi wote tuchekwe pa kilio."

"Ndiyo, shemeji. Nawaomba musamaha kwa hilo. Kwa hilo tu."

"Vizuri. Basi mambo yanarudi pale yalikuwa. Mutoto atabaki nyumbani mwaka huu. Mwaka kesho tutaona. Na kama mutoto hataki kubaki, Octave ni mwanaume, iko na haki ya kuleta mwanamuke mwingine wa kusaidia hii nyumba. Hakuna mutu atamulaumu."

Octave alitazama chini. Sikio lake moja lilikuwa jekundu kama la mvulana aliyechapwa. Léocadie alimngoja aseme neno, neno lolote, mpaka alipoona halitakuja.

"Shemeji, naomba kusema," akasema. "Kwa Pasaka ulisema siku nitapona, mutoto atarudi masomo. Mimi niliitika. Pale ndipo nilikosa kwanza, kabla ya ule mustari. Huu ugonjwa hauna siku ya kupona. Iko na siku za kulala na siku za kuamuka, mpaka siku nitakufa. Dokta alinieleza toka mwanzo, na mimi niliogopa kuwaambia. Kama mutoto ananingojea nipone, atazeeka humu ndani."

"Ndiyo maana ninasema—"

"Sijamaliza, shemeji, unisamehe." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mulinipa vitu viwili nichague. Nipone, mutoto asome. Nisipopona, mutoto akae. Sitaki tena kuchagua. Mimi ni mugonjwa, na mutoto wangu atasoma. Yote mawili. Siku ya Jumatatu niko na miadi ya hospitali Kasongo. Nitaenda naye, na mfuko wake. Atakaa kwa dada yangu Emilienne."

"Na nani atatwanga hapa?" Déo akauliza. "Nani atachota maji?"

"Sijui. Sisi ni watu wazima wane tumekaa hapa. Mutoto ni mumoja. Kwa nini yeye ndiye ajue?"

Mama Marcelline aliacha kuchambua mchele. 

Déo alisimama, akakung'uta suruali yake ingawa haikuwa na vumbi. "Octave," akasema, "mwanamuke wako amekuvalisha gauni." Akaondoka.

Octave alikuja kumtafuta nyuma ya nyumba, alipokuwa akianua nguo kwa meno na viganja. "Umeniaibisha mbele ya kaka yangu," akasema.

"Nimeiona aibu yako," Léocadie akajibu. Alinyoosha mkono, akauweka wazi mbele ya uso wake, na kifundo chake kilichojaa. "Na wewe hiki umekiona? Kila siku ulikiona. Uliniuliza niko sawa na macho yako yakiwa kwenye mpini."

"Ningefanya nini?"

"Ungeinua macho. Hicho tu kwanza."

 Octave akaanua nguo zilizobaki, vibaya, akizibana chini ya kwapa. Jumatatu asubuhi hakusema ndiyo wala hapana, lakini ndiye aliyeufunga mfuko wa Esther-Divine nyuma ya pikipiki, na alipofunga alivuta kamba mara mbili kuhakikisha.

*

"Sitini na nane," Daktari Aristote akasema. Aliweka rula chini, akafungua karatasi ya Julai, akaziweka mbili pamoja. Viungo kumi na kimoja viliuma, saba vilikuwa vimevimba. Nambari ya damu nayo ilikuwa imepanda. "Mwezi wa saba uliniandikia tatu."

"Nilidanganya."

Muuguzi Dominique, aliyekuwa akipanga mafaili kando, alitoa cheko la puani. "Ndiyo maana tunaamini damu, dokta. Damu haina maneno mingi. Hawa wamama leo anasema hivi, kesho anasema vile."

Esther-Divine, aliyekaa karibu na mlango na mfuko wake katikati ya miguu, aliinua kichwa. Léocadie alimtangulia.

"Papa Dominique, mwezi wa saba damu yangu ilisema niko muzuri. Nami sikuwa muzuri. Sasa nani alidanganya, mimi peke yangu?" Kisha akamgeukia daktari. "Nikuulize kitu, dokta. Kama siku ile ningetia alama ya kweli, ningeitia pa thelathini. Vidole havikuvimba, damu ni nzuri, na mimi nasema thelathini. Ungefanya nini?"

Daktari alikuwa kijana, na uzuri wake ulikuwa huu, kwamba hakujua kudanganya. Alifikiri. "Ningewaza kwamba unatia chumvi," akasema. "Ao kwamba unaogopa kupunguziwa dawa. Nisingekupunguzia, lakini ningewaza hivyo."

"Asante kwa kusema."

"Basi nieleze. Mimi nikisema ugonjwa umelala, nina maana viungo vimetulia na damu imetulia. Wewe ukisema umelala, una maana gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa na majibu mengi akiwa peke yake jikoni, lakini sasa yalimkimbia, ikabidi ayatafute moja moja.

"Uchovu," akasema kwanza. "Ninyi munahesabu vidole. Uchovu hamuuhesabu. Kuna siku hakuna kinachouma, lakini nimechoka kama nimebeba mawe, na mutu akiniona nimekaa anasema muvivu. Kama uchovu iko, ugonjwa haujalala. Iko macho, umeketi tu." Akaendelea. "Tena, asubuhi. Mutu muzima anaamuka, anasimama, anaenda. Hafikiri. Mimi ninaamuka ninauliza. Siku nitaamuka na kusimama, na nifike mpaka pa mulango bila kukumbuka kwamba nina mikono, siku ile nitakuambia umelala. Na isiwe siku moja. Ziwe nyingi, mpaka niweze kumuahidi mutu kitu cha Ijumaa, na leo ni Jumatatu."

Dominique alikuwa ameacha kupanga mafaili.

"Hiyo haina rula," daktari akasema taratibu.

"Basi andika kwa maneno. Karatasi iko na mgongo."

Akaigeuza karatasi, akaandika. Aliandika kwa Kiswahili, mistari minne, akimsomea kila mmoja, naye Léocadie akamsahihisha mahali pamoja: si "amechoka", ni "uchovu unaoniweka chini". Alirudisha vidonge sita vya Alhamisi, akaongeza vingine vidogo vya kumeza kila siku mpaka uvimbe ushuke, akamwonya visizidi mwezi. Alisema wiki sita, pengine nane, ndipo aanze kuona nafuu.

"Na haya ya mgongoni," akasema, "mama, siwezi kukuahidi kwamba utafika pale. Wengi hawafiki."

"Sikuombi uniahidi," Léocadie akasema. "Nataka tu usiseme nimefika na mimi bado niko njiani."

 Daktari alipoitia karatasi kwenye faili aliitia kwa kuigeuza, mgongo mbele.

Nyumba ya Emilienne ilikuwa karibu na soko, na shule ilikuwa mwendo mfupi kutoka pale. Wasichana walikuwa wamesimama kwenye mstari wa kujiandikisha, wengine wadogo kuliko Esther-Divine kwa miaka miwili, na mmoja wao alimtazama urefu wake akacheka. Esther-Divine alimtazama naye mpaka yule akaacha. Mkuu wa masomo, yule wanayemwita perfe, alimuuliza kwa nini alisimamisha masomo.

"Mama yangu alikuwa mugonjwa, bwana perfe," akasema.

"Na sasa amepona?"

Msichana alimwangalia mama yake aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja.

"Hapana," akajibu. "Bado mugonjwa. Mimi nimekuja kusoma."

Mkuu aliandika jina.

*

Léocadie alirudi Wamaza siku ya pili, mchana, amechoka hivi kwamba mwenye pikipiki ndiye aliyemshika mkono ashuke. Déo alikuwa amekaa uani, kwenye kiti kile kile cha mgongo. Bila shaka alisikia mlio wa pikipiki tangu kwenye mteremko. Octave alikuwa pale, na Mama Marcelline, na kinu kando ya jiko, na majani ya muhogo ndani ya beseni yakianza kunyauka. Hakuna aliyekuwa ameyagusa.

"Mutoto iko wapi?" Déo akauliza.

"Masomo."

"Na wewe? Munganga anasemaje? Umepona?"

"Hapana, shemeji."

"Ah." Alifungua viganja vyake, akawageukia wengine wawili kama mtu aliyeleta ushahidi. "Basi tuone. Majani ni haya. Nani atayatwanga?"

Léocadie aliketi kwenye kigoda cha karibu.  Miguu ilikuwa ikimwaka. Aliinyoosha mbele ya wote, jambo ambalo asingelifanya mwezi mmoja uliopita mbele ya shemeji.

Aliyesema alikuwa Mama Marcelline.

"Mimi nilitwanga hapa miaka makumi ine," akasema. Hakuwa akimwambia mtu hasa. "Mabega yangu haya yaliuma toka nilipozaa huyu Octave. Kuna asubuhi nilikuwa ninalia nikienda maji, nikifika kwa watu ninapanguza. Hakuna munganga alinibonyeza. Hakuna aliniletea karatasi na mustari, aseme, mama, weka alama." Alimtazama Léocadie, na macho yake hayakuwa laini, lakini yalikuwa yamemfikia. "Nilikuonea wivu. Mungu anisamehe. Nilisema, nilivumilia mimi, avumilie na yeye."

"Mama," Déo akaanza.

"Wewe nyamaza, Déo. Unakula hapa toka juzi."

Aliinuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akauchukua mtwango uliokuwa umeegemea ukuta. Léocadie alidhani mama mkwe anataka kutwanga mwenyewe, akajisukuma asimame amzuie. Lakini Marcelline alivuka ua mpaka kwa mwanawe mdogo, akamwekea mtwango mapajani.

"Shika."

Octave aliutazama mti ule kana kwamba hajawahi kuuona. Njiani watu walikuwa wakipita kutoka mashambani, wanaume wawili na jembe begani, wanawake na mizigo ya kuni. Mmoja wa wanaume alipunguza mwendo. Déo alisema kwa sauti ya chini, ya kuonya, "Octave. Watu wanakuona."

"Nimewaona," Octave akasema.

Aliinuka, akamimina majani ndani ya kinu, mengi mno kwa mara moja, akaanza. Alitwanga kama mtu anayeua nyoka. Majani yaliruka nje, moja likamkaa kwenye ndevu. Wale wanaume njiani walicheka wazi, mmoja akasema kitu kwa Kibangubangu kuhusu gauni. Mwanamke mmoja mwenye kuni hakucheka. Alisimama tu, akiwa na mzigo wake kichwani, akatazama kwa muda mrefu.

Déo alichukua kofia yake, akaondoka. Hakuna aliyemwambia abaki, na hakuna aliyemfukuza.

Léocadie alisogeza kigoda chake mpaka karibu na kinu, mahali ambapo mtu yeyote anayepita angemwona, yeye na mikono yake wazi juu ya mapaja, bila shati la mikono mirefu.

"Punguza majani," akamwambia mume wake. "Toa nusu. Usipige kwa hasira, acha mutwango uanguke wenyewe. Hivyo. Sasa inua tena."